Kutoka Silikoni hadi Makohozi: Utayarishaji wa Sampuli katika Historia ya Maabara ya Chipu

Mwaka 1990, Andreas Manz na wenzake wa kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, walipendekeza mfumo mdogo ambao ungefanya uchambuzi mzima wa kikemia mahali pamoja, tangu kutayarisha sampuli hadi kusoma jibu. Waliofuata walianza na hatua zilizokubali kufanywa ndogo.

Kuzidisha vinasaba (DNA) ilikuwa mojawapo. Njia ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hupasha moto na kupoza mchanganyiko mara nyingi, na tone dogo hupoa upesi kuliko ujazo mkubwa. Mwaka 1993, Allen Northrup na wenzake wa Lawrence Livermore, California, walionyesha chemba iliyochongwa katika silikoni. Mwaka 1998, Martin Kopp, Andrew de Mello na Manz, wakiwa London, walipitisha kimiminika katika mfereji wa kioo uliokatiza kanda tatu za joto mara 20.

Sampuli ilibaki nyuma. Damu ina viambato vinavyozuia vimeng'enya vya PCR. Makohozi ni mazito, na bakteria wa kifua kikuu wana ukuta mgumu wenye nta. Kwa hiyo vinasaba vilisafishwa kwanza mezani, kwa mikono, ndipo vikaingizwa kwenye chipu. Chipu ilihitaji maabara ili ifanye kazi, jambo ambalo sifa nyingi za miaka hiyo hazikulisema.

Kipimo cha Xpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, kilitoka katika kampuni ya Cepheid, ambayo Northrup alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Katriji yake ya plastiki, yenye ukubwa wa kiganja, ni chipu kwa ukoo tu. Ndani yake bakteria hunaswa kwenye chujio, huoshwa, hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, kisha vinasaba vyao huzidishwa. Jibu, pamoja na dalili ya usugu dhidi ya rifampisini, hupatikana kwa muda usiozidi saa 2, ilhali kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa.

Uzito wa hatua hiyo ulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ambao Kampala ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kwa wagonjwa ambao hadubini haikuona bakteria katika makohozi yao, muda wa kati wa kusubiri matibabu ulishuka kutoka siku 56 hadi 5. Kulainisha makohozi kwa kemikali, kwa dakika 15, kuliendelea kufanywa kwa mkono, nje ya katriji.