Kano na Matone Mawili ya Polio



Wazazi wapendwa, wakati wa korona, kuanzia mwaka 2020, wengi wenu mlikosa usingizi kwa swali moja: nikikubali chanjo hii, nitakuwa nimewalinda wanangu au nimewadhuru? Aliyeuliza hivyo hadharani aliitwa mjinga. Basi tutazame yaliyowapata ndugu zetu wa Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo iliua zaidi ya watu 11,000 nchini Nigeria. Katikati ya msiba huo kampuni ya Pfizer ilikwenda Kano kujaribu dawa yake mpya, Trovan. Watoto 200 waliingizwa kwenye majaribio, nusu wakapewa Trovan na nusu dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Walifariki 11: watano waliopewa Trovan na sita wa kundi la pili. Kampuni ilisema kilichowaua ni ugonjwa. Wazazi nao walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kesi ya Jimbo la Kano ilimalizika 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75, bila kampuni kukiri kosa.

Trovan haikuwa chanjo. Lakini mwambie hivyo mama aliyezika mwanawe, halafu baada ya miaka saba anagongewa mlango na watu asiowajua, wanataka kumtia mtoto wake mwingine matone mdomoni, bure, ilhali hospitalini hata dawa ya malaria anainunua. Kwa nini hili tu liwe bure?

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003. Uvumi ulienea kwamba matone ya polio yametiwa kitu cha kuwafanya mabinti wawe tasa. Vita vya Afghanistan na Iraq vilikuwa vimewaumiza Waislamu nyoyo, na watu wakaamini. Si watu wa vijiweni peke yao, hata wasomi na madaktari walikuwemo. Majimbo kadhaa yakasimamisha chanjo. Mengine yalirejea mapema, lakini Kano ilishikilia msimamo hadi Julai 2004.

Uvumi ule haukuwa wa kweli, na gharama yake ililipwa na watoto. Virusi vya Nigeria vilisambaa katika nchi zipatazo 20. Vilifika Sudan, Saudi Arabia na Yemen, vikaingia Somalia mwaka 2005, na mwaka 2006 vikawafikia Wasomali waliokuwa kambini Dadaab, hapo Kenya. Mtoto aliyepooza Dadaab alikuwa na habari gani za Trovan?

Kilichofungua milango ya Kano hakikuwa matusi wala askari. Serikali ya jimbo ilikubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Kisha, taratibu, masultani, maimamu na walimu wa madrasa wakashirikishwa, wengine wakiwatia matone watoto wao mbele ya watu. (Ajabu ni kwamba Indonesia yenyewe, iliyokaa miaka kumi bila polio, ilipatwa na virusi vyenye asili ya Nigeria mwaka 2005, na watoto zaidi ya 300 wakapooza.)

Haikuwa kazi nyepesi. Februari 2013 watu wenye silaha waliwaua wanawake wasiopungua tisa waliokuwa wakitoa chanjo Kano. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Wenzao waliendelea kupita nyumba kwa nyumba.

Mwezi Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumza kwenye televisheni ya Ufaransa kuhusu kufanya majaribio ya chanjo ya BCG dhidi ya korona barani Afrika. Hasira ikawaka bara zima. Nadhani mzazi anayeikumbuka Kano hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, korona ikiwa imepamba moto, Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio. Nchi ya mwisho kusubiriwa ilikuwa Nigeria.