Deni la Siku Iliyoliwa: Unene, Sukari na Saumu katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Kwa sehemu kubwa ya historia ya pwani ya kusini ya Kenya, yaani ukanda unaoanzia Likoni na kupita Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni hadi Shimoni na Vanga mpakani mwa Tanzania, mtu aliyekonda alipewa pole na aliyenenepa alipongezwa. Wazo kwamba mtu mzima mwenye afya ajinyime chakula kwa miezi au miaka ili apunguze uzito ni geni katika ukanda huu, na geni zaidi ni shida inayoliandama wazo hilo, nayo ni ya mtu aliyepunguza kilo kadhaa, akateleza, akazirudisha zote, na sasa hana moyo wa kuanza upya. Hata hivyo Wadigo, Wavumba na majirani zao wamekuwa na utaratibu wa zamani wa kushughulika na mtu aliyekatiza jambo refu alilolianza, na utaratibu huo umo katika sheria na desturi ya saumu, mahali ambapo wataalamu wa lishe hawana mazoea ya kutazama.

Ushahidi wa zamani kuhusu miili ya watu wa pwani ni mchache. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliwaeleza watu wa Mogadishu kuwa wanene wenye miili mikubwa, mmoja wao akila chakula cha kutosha watu kadhaa, lakini alipofika Mombasa aliandika kwamba watu wake waliishi hasa kwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka kwingineko. Kutoka Mombasa alipanda chombo kwenda Kilwa, kwa hiyo Diani na Msambweni hazimo katika maelezo yake, ingawa msikiti wa Kongo, uliopo kwenye mlango wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, huhesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe ya pwani na ni dalili kwamba saumu ilijulikana hapo karne nyingi kabla ya utawala wa Waingereza.

Muhogo na mahindi, mazao ya asili ya Amerika yaliyoingia baada ya kuja kwa Wareno, yalijiunga na mtama, mpunga, nazi na samaki, na kwa mboga kukawa na mtsunga, jani chungu la porini ambalo wengine huliita mchunga na ambalo hadi leo hupikwa kwa tui ili kupunguza ukali wake. Chakula hicho kilitosha mvua iliponyesha. Iliposhindwa kunyesha watu walihesabu miaka kwa majina ya njaa: Mwakisenge katika miaka ya 1880, kisha Magunia kati ya 1898 na 1900, vipindi ambavyo baadhi ya familia za Wamijikenda, yaani Wadigo na makabila ndugu zao, zilipeleka watoto Mombasa kuwekwa rehani kwa nafaka. Jamii iliyopitia hayo haikuwa na sababu ya kuuogopa mwili mnene, kwa kuwa mafuta mwilini yalikuwa akiba ya mwaka wa ukame.

Maradhi nayo yaliutia unene thamani. Malaria, kichocho na safura, yaani upungufu wa damu unaotokana na minyoo, viliwadhoofisha watu wa vijiji vya Msambweni kiasi kwamba eneo hilo likawa mojawapo ya sehemu za Kenya zilizochunguzwa sana na watafiti wa kichocho na matende. Kisha ukaja Ukimwi. Nchini Uganda ugonjwa huo uliitwa Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa, na katika miaka ya 1990 mtu wa pwani aliyepungua ghafla, hata kwa hiari yake, alijua kwamba majirani walikuwa wakisema pembeni. Ni vigumu kumshawishi mwanamke wa mji wa Ukunda aliyezika ndugu katika miaka hiyo kwamba kukonda ni habari njema, na anayepunguza uzito katika mazingira hayo hupambana na njaa yake na vilevile na kila salamu inayoanza kwa kuuliza kama anaumwa.

Wakati huohuo chakula kilikuwa kimebadilika. Katika mashamba makubwa ya enzi ya ukoloni mfanyakazi alipewa posho, yaani mgao wa chakula uliokuwa hasa unga wa mahindi, na Ramisi, kusini mwa Msambweni, kilianzishwa kiwanda cha sukari mwaka 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu kilichokuwa cha kwanza nchini. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, mashamba yakabaki vichaka kwa miaka mingi, na miwa ikarudi kwa wingi katika miaka ya 2010 chini ya kampuni nyingine. Katika kipindi chote ambacho kiwanda kilikuwa kimya, sukari haikupungua vikombeni. Chai ilikuwa imeshakuwa kiamshakinywa cha kila nyumba, na pamoja nayo hamri: unga wa ngano uliokandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, ukasukumwa, ukakatwa na kutumbukizwa katika mafuta ya moto hadi ukafura, kisha ukaliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa tui jingine. Mvuvi aliyetoka kuvuta nyavu au mkwezi aliyeshuka minazini aliweza kuutumia mlo huo wote kabla ya adhuhuri, lakini mwenye duka anayekaa kitini mchana kutwa, au karani wa hoteli ya Diani, hana kazi ya mwili inayolingana nao.

Takwimu za taifa zinaonyesha mwelekeo huo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2008 na 2009 uliwakuta asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na ule wa 2014 ukawakuta asilimia 33, ilhali uchunguzi mwingine wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba kati ya watu wazima tatizo hilo lilikuwa la asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume. Pamoja na unene vikaja kisukari na shinikizo la damu, na kutoka kwa wauguzi ukaja ushauri ambao bibi za wagonjwa hawakuwahi kuusikia: punguza.

Kupunguza kunawezekana, na kazi kubwa huwa ni kubaki pale mtu alipofika. Katika jaribio lililofanyika Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1944, wanaume 36 walilishwa nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita, na mtafiti Ancel Keys na wenzake wakaona kwamba miili yao ilipunguza matumizi ya nguvu huku akili zao zikitawaliwa na mawazo ya chakula. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake waliripoti kuhusu watu 14 walioshiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito, kwamba miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha kilo nyingi na miili yao bado ilitumia takriban kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kwa hiyo kurudi nyuma si ushahidi wa uvivu, kwa kuwa mwili wenyewe unavuta kurudi ulikotoka.

Hata hivyo mwili si mkosaji pekee. Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa vinywaji vizito vya maziwa wanafunzi waliozoea kujizuia kula, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo, na wanafunzi hao wakala aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa tabia hiyohiyo ambao hawakupewa kinywaji chochote. Akilini mwao siku ilikuwa imeshaharibika, potelea mbali, na yaliyobaki hayakuwa na hesabu tena. Mlo mmoja uliovuka mpaka ulizaa siku iliyovuka mpaka, na kwa watu wengi siku hiyo huzaa mwezi mzima, na hapo ndipo desturi ya saumu ina la kusema.

Wavumba wa Vanga na Wasini walikuwa Waislamu tangu zamani, lakini Wadigo waliingia Uislamu kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mwendo ambao mwanahistoria David Sperling aliueleza kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 1988. Uislamu waliouingia ulikuwa wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yote, na kwa sheria za madhehebu hayo saumu ya Ramadhani si mzigo mmoja wa siku 29 au 30. Kila siku ni ibada inayojitegemea yenye nia yake, na nia hiyo hutiwa kila usiku kabla ya alfajiri, tofauti na madhehebu ya Malik ambayo hutosheka na nia moja mwanzoni mwa mwezi. Matokeo yake ni kwamba aliyekula siku ya kumi hakuziharibu tisa zilizotangulia, na usiku wake ana nia mpya ya kutia kama mtu mwingine yeyote.

Sheria inakwenda mbali zaidi. Katika Safinatun Najaa, kitabu kidogo cha fikihi cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut kinachosomeshwa katika madrasa za pwani, sura ya saumu inayochapwa pamoja nacho, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Sheikh Nawawi wa Banten, inataja hali sita ambazo aliyekosa saumu hulazimika kuilipa siku hiyo na bado kujizuia hadi magharibi, na ya kwanza ni ya yule aliyefungua makusudi bila udhuru. Siku yake haihesabiki tena kuwa saumu, lakini haruhusiwi kuila iliyobaki. Mtoto wa madrasa huko Msambweni anayeihifadhi orodha hiyo kwa sauti pamoja na wenzake anajifunza kinyume kabisa cha walichofanya wanafunzi wa Herman na Mack.

Kisha huja kulipa, kunakoitwa kadha. Siku moja hulipwa kwa siku moja, wala si lazima malipo yafuatane. Aliyechelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia hubaki na deni lilelile, na juu yake hutoa kwa maskini kibaba cha chakula kwa kila siku, kibaba kikiwa ndicho kipimo ambacho watu wa pwani hukilinganisha na mudi wa vitabu. Nyongeza hiyo inastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu adhabu ya kuchelewa ni kumlisha mwingine na wala si kujitia njaa maradufu, na kuunganisha saumu usiku na mchana bila kufuturu kulikatazwa na Mtume mwenyewe.

Wanawake ndio walioijua hesabu hii kuliko wote, kwa kuwa hedhi na uzazi huwaachia siku za kulipa karibu kila mwaka. Imepokewa kwamba Bi Aisha, mkewe Mtume, alikuwa akizilipa zake katika Shaabani, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani, na pwani pia Rajabu na Shaabani ni miezi ambayo mwanamke akikataa chai ya saa nne haulizwi sababu, na mara nyingi jirani yake naye hukataa kwa kuwa wanalipa pamoja. Wengine hufunga sita, yaani siku sita za sunna katika Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Anayekula kwa siri mchana wa Ramadhani hutaniwa kwa jina la kobe, na utani huo unauma, lakini kobe akilipa siku zake hakuna anayemhesabia tena.

Itakuwa kosa kuifanya saumu kuwa dawa ya unene. Nia yake ni ibada, na meza ya futari, yenye muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati zilizochovywa katika shira na uji mtamu, inaweza kurudisha usiku zaidi ya kilichoachwa mchana, bila kusahau karamu za kuvunja jungu mwishoni mwa Shaabani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba wanaofunga Ramadhani hupungua kwa wastani kilo moja na ushei tu, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hurudi katika wiki chache. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hapaswi kufunga kabla ya kuzungumza na daktari wake, na sheria yenyewe imempa ruhusa ya kula.

Kinachofaa kuazimwa ni hesabu yake, ambayo watu wengi wa kaunti ya Kwale, yenye sehemu kubwa ya ukanda huu, hata majirani Wakristo au Wamijikenda wa Kiduruma wasiofunga, wameishi nayo tangu utotoni: siku iliyoharibika ina mwisho wake, na huo ni magharibi ya siku hiyohiyo, haifuti zilizotangulia, hulipwa kwa kadiri yake, si kwa zaidi, na ni rahisi kuilipa ukiwa na mwenzako. Ushauri wa lishe unaotolewa katika kliniki za pwani mara nyingi umetoka vitabu vya mbali, na humkuta mgonjwa akiwa na kitu bora zaidi ambacho hakuna aliyemwomba akitumie. Muuguzi wa Msambweni au Kwale anayempima mtu aliyerudi na kilo zake zote aache kumuuliza kwa nini ameshindwa, amuulize ni siku ngapi alizokula, na ataanza kuzilipa lini na nani.