Mbung'o na Mabega ya Wapagazi

Asomaye habari za misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, hukutana na swali ambalo simulizi nyingi hulipita upesi. Kwa nini pembe za ndovu, nguo, shanga na baruti vilipita bara yote juu ya mabega na vichwa vya binadamu? Uarabuni mzigo ulipakiwa ngamia. Uhabeshi ulibebwa na baghala. Kusini mwa Afrika ulikokotwa na maksai. Katika njia ya Tabora mzigo ulikuwa wa mtu. Kila mpagazi alijitwika frasila mbili hivi, na safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua miezi mitatu au zaidi.

Wako waliojibu kwamba watu wa bara hawakujua kutumia wanyama. Jibu hilo halisimami. Wanyamwezi walifuga ng'ombe, na punda hawakuwa wageni katika njia ile. Jibu lenyewe limo katika nzi mmoja wa rangi ya hudhurungi, ambaye anapotua hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine kama makali ya mkasi. Huyo ndiye mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Mbung'o hufyonza damu, na pamoja na kufyonza huacha vijidudu mwilini. Nyati, kongoni na ngiri huishi na vijidudu hivyo bila kudhurika sana, lakini mnyama wa kufugwa hana kinga hiyo. Maradhi yake ndiyo nagana, jina lililotoka kwa Wazulu. Dalili zake hazipigi hodi kwa kishindo. Homa huja na kuondoka, macho hutoa machozi, manyoya husimama na kupoteza mng'ao, ufizi hupauka. Mnyama huendelea kula lakini hukonda, mpaka mifupa ikahesabika. Mara nyingi mwenye mnyama huwa amekwisha kuiacha mbali pori alikoumwa, na hapo hulaumu maji, majani au jicho la watu.

Ugumu huo wa kutambua ulimpata Henry Morton Stanley mwaka 1871. Aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda zaidi ya 20. Siku chache baadaye, kijijini Kingaru, farasi wote wawili walikufa, mmoja nyuma ya mwenziwe. Stanley alimpasua wa kwanza akakuta tumbo lake limejaa minyoo. Basi si kila kifo cha njiani kilikuwa cha mbung'o. Mzoga ulipozikwa, jumbe wa mahali hapo alidai malipo, kwani mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akaamuru farasi afukuliwe na shimo lifukiwe kama lilivyokuwa, na jumbe akalegeza dai lake, wakapatana. Mwezi wa Juni Stanley alipofika Kwihara, jirani na Tabora, punda wake wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Wengine pia walijaribu. David Livingstone, aliyekwisha kuzieleza dalili za maradhi haya katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliingia bara kutoka Mikindani mwaka 1866 na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda. Alitaka kuona ni yupi atakayemstahimili mbung'o. Wanyama wale waliangamia kwa kuumwa na nzi na kwa kutotunzwa vyema, hata jaribio lenyewe likakosa jibu. Mwaka 1877 wamisionari wa London waliondoka Saadani na magari ya maksai wakielekea Ujiji. Maksai walikufa, magari yakaachwa njiani, na waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa nguvu za wapagazi. Mwaka 1879 tembo wanne wa Kihindi waliteremshwa Msasani kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji. Nao hawakuibadili njia.

Wenyeji wa nchi walikuwa na elimu yao. Walijua mapori yenye nzi na mapori salama. Wafugaji waliolazimika kuvuka ukanda wa mbung'o waliuvuka usiku, kwani nzi huyo huuma zaidi mchana. Walifyeka na kuchoma vichaka kuzunguka makazi na malisho. Kazi hiyo ilikuwa na hekima ambayo sayansi ilikuja kuieleza baadaye: mbung'o hatagi mayai kwa mamia, bali huzaa buu mmoja mmoja, na buu huyo hujichimbia udongoni penye kivuli. Kivuli kikiondoka, kizazi hukatika.

Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba vijidudu vilivyomo katika damu ya wanyama wagonjwa huenezwa na mbung'o. Mbwa walikuwa miongoni mwa wanyama aliowatumia. Lakini elimu ilipopatikana, nchi ilikuwa imekwisha kujeruhiwa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe, kisha njaa na vita vikapunguza watu. Mashamba yakawa vichaka, wanyamapori wakarudi, na mbung'o akarithi makazi ya watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi kwenye vijiji vya pamoja ili kuwaepusha na malale, ndugu wa nagana awapataye binadamu. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912. Chuma hakiumwi na nzi, na mpagazi akautua mzigo.

Mbung'o hajaondoka katika miombo ya magharibi. Hata mbwa na paka wa nyumbani huweza kuugua, na kwao dalili ya kuangaliwa sana ni jicho lililoingia ukungu, pamoja na homa, uso uliovimba na kukonda. Mwenye kuziona dalili hizo hana haja ya kungoja mifupa ihesabike. Ampeleke mnyama kwa daktari wa mifugo, maana dawa ipo, lakini kipimo chake kikizidi kidogo huua. Na kinga ni ileile ya zamani: kumzuia mnyama asizurure porini mchana na kufyeka vichaka vya karibu, pamoja na mitego ya kitambaa cha buluu ambayo humvuta nzi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosifu wingi wa pembe zilizofika pwani mara nyingi walizipima kwa frasila, wasizipime kwa mabega. Katika njia ya Tabora kila punda aliyekufa aliuacha mzigo wake, na mzigo haukubaki chini. Palikuwa na mtu wa kuuokota.