Katuni za Dar es Salaam: Hesabu Ndani ya Kicheko

Mwaka 2014 kituo cha runinga cha TBC1 kilianza kurusha Ubongo Kids, katuni ya vichekesho vya hisabati na sayansi iliyobuniwa hapa Dar es Salaam. Miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Ubongo ni Nisha Ligon na mtunzi wa nyimbo Cleng'a Ng'atigwa.

Uamuzi wa kwanza ulihusu lugha. Wahusika walizungumza na kutaniana kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kiingereza kilifuata baadaye. Utani una mwendo wake, na mtoto wa mitaa ya Gerezani au Buguruni hucheka papo hapo anaposikia lafudhi ya nyumbani. Kanuni ngumu zikatiwa kwenye nyimbo, ili mtoto aziimbe njiani akitumwa dukani.

Uamuzi uliokuwa wa kijasiri kuliko yote, kwa maoni yetu, ulikuwa wa simu. Wabunifu hawakusubiri kila nyumba iwe na kompyuta. Walitumia runinga na simu ya kawaida ya vitufe, ile inayouzwa Kariakoo: swali lilionekana kwenye kioo, mtoto alituma jibu kwa ujumbe mfupi, na mhusika wa katuni alimjibu.

Vipindi hupimwa pia mbele ya watoto wenyewe, kuona wanapocheka na wanapochoka.

Mwaka 2016 ikafuata Akili and Me, ya wadogo zaidi. Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza na marafiki zake wanyama.