Marando ya Kiazi Kitamu, Kasongo

Marando haya ni ya kiazi kitamu, Ipomoea batatas. Ua lake la zambarau, lenye umbo la faneli, hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya jioni, sawasawa na maua ya mimea tambazi ya jamii ya Ipomoea inayong'olewa kama magugu: ni ndugu. Atakayesema chakula hakiwezi kuwa ndugu wa gugu, avunje kikonyo auone utomvu mweupe, ulio katika mimea yote miwili. Mwingine atapinga akisema kwamba asili ya kiazi hiki ni Amerika ya Kati na Kusini, si Maniema, jimbo la Kasongo. Kweli, lakini muhogo na mahindi pia vilitoka Amerika, na Kasongo yenyewe ilikuzwa na misafara ya biashara iliyotoka mbali. Marando yanahifadhiwa kwa kuwa yanalisha mara mbili: kiazi chini, matembele juu, na kipande cha rando chatosha kupanda upya.