Kura ya Hapana ya 1968: Tanzania na Mkataba wa Silaha za Nyuklia

Tarehe 12 Juni 1968, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoupigia kura Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, nchi 95 ziliunga mkono, 21 zilijizuia kupiga kura, zikiwamo Ufaransa, India na jirani Uganda, na nne tu zilisema hapana: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Kura hiyo yaweza kumshangaza anayeisoma sasa, kwa kuwa nchi isiyo na bomu wala kinu cha nyuklia ilionekana kuupinga mkataba uliokusudiwa kulizuia bomu hilo hilo, lakini mshangao hupungua mtu akiusoma mkataba wenyewe.

Mkataba huo unaigawa dunia mafungu mawili kwa kigezo cha tarehe. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, nchi yenye silaha za nyuklia ni ile iliyotengeneza na kulipua silaha hiyo kabla ya Januari 1, 1967, yaani Marekani, Muungano wa Sovieti, Uingereza, Ufaransa na China, ambayo ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza Oktoba 1964. Nchi nyingine zote zinaapa kutolitafuta bomu na kukubali vinu vyao vikaguliwe, ilhali wakubwa hao watano, katika kifungu cha sita, wanaahidi kujadiliana kwa nia njema juu ya kuondoa silaha zao, bila kutajwa mwaka wala hatua. Kwa serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyokuwa ikitetea usawa wa mataifa katika kila jukwaa, mpango wa namna hiyo ulikuwa mgumu kumezwa, hasa wakati Makaburu wa Afrika Kusini, wenye urani yao wenyewe, walikuwa tayari na kinu cha utafiti kilichotolewa na Marekani na kuanza kazi mwaka 1965 mahali paitwapo Pelindaba, karibu na Pretoria.

Ni kweli pia kwamba China iliupinga mkataba huo, na kwamba Septemba 1967 Tanzania na Zambia zilikuwa zimetiliana saini na China makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA. Kusema urafiki huo haukuwa na uzito wowote ni kujidanganya, lakini kusema Dar es Salaam iliamriwa na Beijing ni kusahau kwamba hoja ya usawa ilikuwa ya Tanzania yenyewe, na kwamba Tanzania ilikuwa imekwisha kuilipia hoja ya aina hiyo kwa fedha taslimu.

Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Nyerere akajibu kwa kuitaka iondoe na misaada mingine iliyobaki. Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Kuhusu bomu lenyewe, mfano ulio wazi zaidi barani ni wa Nigeria, ambayo Januari 1961 ilimfukuza balozi wa Ufaransa kupinga majaribio ya nyuklia katika jangwa la Sahara, kisha ikaiona Ufaransa hiyo hiyo ikikwamisha juhudi zake za kupata uhusiano wa kibiashara na Soko la Pamoja la Ulaya. Gharama ya kura ya 1968 haikuja kwa sura hiyo. Ilikuwa sehemu ya sifa ya ukaidi iliyoifuata nchi kwa miaka mingi katika miji mikuu ya Magharibi.

Ukaidi huo haukuwa wa kukataa tu. Mei 22, 1984 Nyerere alijiunga na viongozi wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki kuyataka mataifa makubwa yasitishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wa silaha za nyuklia, na Januari 1985 sita hao wakakutana Delhi na kutoa tamko la pamoja. Muungano wa Sovieti ulisitisha majaribio yake Agosti mwaka huo, Marekani haikufuata.

Mgogoro na mkataba wenyewe ulimalizwa na mabadiliko ya Afrika Kusini. Serikali ya Pretoria ilisema ingejiunga iwapo majirani nao wangejifunga vivyo hivyo, na nchi za Mstari wa Mbele, zile zilizoongoza mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, zikaanza kuingia moja baada ya nyingine: Zambia na Tanzania Mei 1991, Afrika Kusini yenyewe Julai. Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alikiri kwamba nchi yake ilikuwa imetengeneza mabomu sita na kuyavunja, kwa hiyo hofu ya Dar es Salaam haikuwa njozi. Mkataba wa kuifanya Afrika yote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, uliotiwa saini Cairo Aprili 1996, ulipewa jina la Pelindaba.

Kwa wakazi wa Dumila, Kilosa na Mikumi, mashariki mwa Tanzania, suala hili la nyuklia lina upande ulio karibu zaidi. Hifadhi ya Mikumi inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na upande wa kusini wa Selous hiyo ndiko mwaka 2012 mpaka wa eneo la urithi wa dunia ulikosogezwa ili urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, iweze kuchimbwa. Mradi huo uko chini ya kampuni ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi. Mkataba wa Pelindaba haukatazi kuchimba wala kuuza madini hayo kwa matumizi ya amani, ila unaagiza kwamba mnunuzi awe amekubali ukaguzi kamili wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na sharti hilo, kwa maneno ya mkataba, linawahusu wanunuzi wasio na bomu.