Haijaganda, Imezizima

Kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri za Makete, Njombe na Limuru huwa na kauli moja jikoni. Mpishi anafungua koki, anawasha kiberiti, anapata mwali mdogo unaosinzia, kisha anasema: "Gesi imeganda." Kauli hii naomba tuiache. Nayapenda maneno yote ya jikoni, lakini hili humtuma msemaji kufanya jambo la hatari.

Tukitazame kitenzi chenyewe. Maji huganda yakawa barafu, maziwa huganda yakawa mgando, damu huganda kidondani. Popote kitenzi hiki kinapokaa, kitu cha majimaji kimekuwa kigumu au kizito, na kwa barafu dawa yake kila mtu anaijua: ipashe moto. Ndiyo maana mtungi husogezwa karibu na jiko la mkaa, au humwagiwa maji yanayochemka. Lakini propani haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 188 chini ya sifuri, na butani nyuzi 138. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa juu ya ardhi, kule Vostok, Antaktika, mwaka 1983, ilikuwa nyuzi 89 tu chini ya sifuri. Utikise mtungi wako wa Makete alfajiri hiyo: utasikia kimiminika kikicheza ndani.

Kimetokea nini basi? Gesi ya kupikia hugandamizwa hadi ikawa kimiminika, ndipo ikatoshea mtungini. Gandamiza na ganda ni maneno ya ukoo mmoja, na huenda udugu huo umechangia kutuchanganya. Ili iwake, sharti igeuke tena kuwa mvuke, na kugeuka huko kunakula joto. Kimiminika hulichota joto hilo kwenye chuma cha mtungi, na chuma hulichota kwenye hewa inayokizunguka.

Hapa jina mtungi linanifurahisha kwa dhati. Wazee walihifadhi maji kwenye mtungi wa udongo, na maji yakapoa kwa sababu yale machache yaliyopenya kwenye vinyweleo vya udongo yaligeuka mvuke na kuondoka na joto. Mtungi wa chuma hupoa kwa kanuni ile ile: mvuke unaokwenda jikoni huchukua joto la kimiminika kinachobaki. Pika maharage saa nzima kwa moto mkubwa, kisha uguse ubavu wa mtungi karibu na kitako. Utaukuta baridi na umetoa jasho, na pakiwa na baridi kali jasho hilo huwa sakitu. Aliyelihamisha jina kutoka udongo kwenda chuma alikiita kitu hicho kwa haki.

Kitenzi tunachokihitaji kimo katika lugha siku zote: zizima, yaani kuwa baridi sana. Maji ya kisima cha milimani huzizima bila kuganda. "Gesi imezizima" ni kauli ya kweli, kwa maana inasema kimiminika kimepoa hadi kikapungukiwa na nguvu ya kutoa mvuke. Na kauli ya kweli huelekeza dawa ya kweli. Punguza moto wa jiko, acha mtungi upumzike, tumia mtungi mkubwa zaidi kama unapikia watu wengi. Usiuwashie moto wala kuumwagia maji ya moto. Mtungi ukipashwa moto, msukumo wa ndani hupanda, na vali ya usalama ikifunguka hutema gesi kuelekea moto ule ule.

Kwa nini Waswahili walioko Minnesota, ambako Januari huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, hupika wakati mkazi wa Makete analalamika? Mitungi yao ina karibu propani pekee, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa propani na butani, na butani huchemka karibu kabisa na sifuri. Propani ndiyo hutangulia kutoka, butani ikabaki nyuma, hivyo mtungi unaokaribia mwisho ndio unaozizima upesi.

Hapo huzaliwa neno la pili linalodanganya: imeisha. Mwali umekufa, mtu anasema gesi imeisha, anauacha mtungi chumbani bila kufunga koki. Jua likipanda, chumba kinapata joto, butani iliyobaki inaanza kutoka. Kabla ya kusema imeisha, weka mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huchapwa kwenye chuma chake. Kinachozidi hapo ni gesi. Koki ifungwe hata kama mizani imesema hakuna.

Neno gesi nalo limebeba vitu viwili. Gesi asilia ya Songosongo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Ya mtungini ni nzito, ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama mvunguni. Kwa hiyo mtungi hukaa wima, nje, penye kivuli na upepo. Haukai chini ya kitanda wala katika vyumba vya chini ya ardhi vya nyumba za Marekani. Na wa huko waifagie theluji kwenye rigileta, kwani tundu lake la hewa huziba kwa barafu.

Neno linaloniumiza zaidi ni hewa ya ukaa. Jina hilo tunalitumia kwa hewa inayouzwa katika biashara ya misitu, na pia kwa sumu isiyo na harufu inayoua familia zilizofunga madirisha na kulala na jiko chumbani. Ya pili ni kaboni monoksaidi. Hutoka kwenye mkaa, na hutoka kwenye gesi pia inapoungua bila hewa ya kutosha. Magazeti yaitaje kwa jina lake.

Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mitungi itapanda hadi vijiji vya kandokando ya Kitulo, huko Makete. Nawaomba wanaoandika maelekezo ya mitungi hiyo, na mawakala wanaoiuza, waweke sentensi hii kwa herufi kubwa: gesi ikizizima, punguza moto na usubiri, usiupashe mtungi.